Mdudu "vamizi" ni mdudu gani?

Ukipita Ilula, wilayani Kilolo, utakuta nyanya zimepangwa kandokando ya barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya. Waulize wakulima wa huko ni mdudu gani anawasumbua. Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hula nyanya, hatakosa kutajwa. Wataalamu humwita mdudu vamizi, na siku hizi neno hilo tunambandika kila mdudu anayekula sana. Si sahihi.

Vamizi haelezwi kwa ukali wake, bali kwa alikotoka. Ni kiumbe aliyeingia mahali pasipo pa asili yake, akazaliana bila kutunzwa na mtu, akaleta hasara. Ugeni peke yake hautoshi: mahindi nayo asili yake ni Amerika, lakini usipoyapanda hayaendi kuteka msitu. Ndiyo sababu viwavijeshi tunawagawa aina mbili. Wale waliowasumbua babu zetu ni wa hapahapa Afrika; wanaoitwa vamizi ni wa Amerika, walionekana Afrika Magharibi mwaka 2016.

Kantangaze ni nondo wa kijivu, urefu wake milimita 6 hivi. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1917 kutokana na nondo waliokusanywa Peru. Nje ya Amerika alibainika kwanza Hispania, mwaka 2006, kisha akavuka Mediterania, na kufikia 2014 alikuwa Tanzania. Nyanya nayo ni ya Amerika Kusini, ila ilimtangulia kuja huku kwa miaka mingi. Alipoifuata aliikuta tele mashambani, huku wengi wa maadui zake wa kwao, kama vijinyigu wanaotaga ndani ya mayai na viwavi vyake, wakiwa wamebaki nyuma. Kwangu mimi, hapo ndipo penye kiini cha neno vamizi: chakula kipo, wa kumzuia hayupo.

Chuma jani lenye baka jeupe, liinue kwenye jua. Utaona ngozi mbili za jani, nyembamba kama nailoni, nyama ya katikati imeliwa. Humo ndani kiwavi wa kijani anajongea, na nyuma yake vinyesi vyeusi kama punje za baruti. Dawa uliyopiga asubuhi imetua juu ya ngozi. Yeye yuko chini yake. Mkulima akiona hafi, anaongeza kipimo, anachanganya dawa mbili tatu, na wanaonusurika ni wale sugu, ndio hao wanaozaa. Jike moja huweza kutaga mayai hadi 260, na kukiwa na joto kizazi hukamilika kwa wiki nne hivi. Inaniuma kuona mtu aliyekopa pembejeo akimalizia pesa zake hapo.

Na si lazima aruke mwenyewe kwenda mbali. Hupanda gari pamoja na nyanya, miche na matenga yanayorudi matupu kutoka sokoni. Hula pia viazi mviringo, bilinganya na mnavu, kwa hiyo mnavu ulioota pembeni humhifadhi hata nyanya zikishang'olewa.

Mtego wa feromoni, ile harufu ya jike, hunasa madume tu. Ukikuta nondo watatu kwenye mtego wako leo, ujue majike yapo shambani yanataga. Anza kukagua majani ya juu kesho asubuhi, yenye mabaka uyachume, uyafunge kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha juani. Usiyatupe kwenye mtaro.