Je, wajua kwa nini kompyuta inaweza kuwa bubu na hakuna kitu kimeharibika?

Jumamosi moja mwalimu wa kwaya, jirani yangu hapa Tororo, Uganda, alinipigia simu akiwa amekasirika kabisa, deskitopu yake imekataa kutoa sauti na kesho yake kuna watu wanamngoja awafundishe wimbo mpya. Fundi mmoja alishaiangalia akasema sauti kadi, yaani chipu ya kutoa sauti, imeungua, na kwa vile iko ndani ya madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, basi lazima abadilishe madabodi yote. Pesa aliyoambiwa siitaji hapa, ila ilitosha mbuzi na chenji ikabaki. Nikamuuliza kitu kimoja tu, mwalimu, wiki hii umechomeka nini kipya? Akasema hakuna. Akanyamaza kidogo. Alafu: "Labda hii monita mpya tu."

Nikacheka, maana monita mpya na sauti kupotea ni ndugu wa tumbo moja.

Tuanzie mbali kidogo. Wimbo ukiwa ndani ya kompyuta si sauti bado, ni namba. CD ya kawaida ina namba 44,100 kwa kila sekunde, na hizo ni za upande mmoja, kushoto zake na kulia zake, na video nyingi zinatumia 48,000. Windows inachukua namba za kila programu iliyofunguliwa, wimbo wako, video ya YouTube, ile kengele ya meseji, inazijumlisha zinakuwa mkondo mmoja, alafu inajiuliza nizitolee mlango gani. Baada ya mlango ndo kuna chipu inayogeuza namba kuwa umeme unaopanda na kushuka, umeme unapita kwa waya, amplifaya ya spika inaukuza, karatasi ya spika inatetemeka na wewe unasikia. Hivo vyote vinaweza kuwa vizima kabisa na ukasikia kimya, kisa mlango uliochaguliwa si ule wenye spika.

Sasa monita inaingiaje? Ile ya zamani ya mwalimu ilikuwa ya VGA, plagi ya bluu yenye skrubu mbili pembeni. VGA ni ya mwaka 1987 na inabeba picha tu, sauti haijui. Kwa hiyo miaka yote kompyuta yake ilikuwa na mlango mmoja tu unaotumika, ule wa nyuma ya CPU (boksi lote tunaliita CPU, ingawa CPU yenyewe ni chipu moja tu ndani, lakini nani atabadilisha hiyo leo). Monita mpya ni ya HDMI, na HDMI ilianza 2002 ikiwa imelenga mambo ya TV, ndo maana kebo moja inabeba picha na sauti pamoja. Ukiichomeka, monita inajitambulisha kwa kompyuta, mimi ni fulani, picha yangu ina ukubwa huu, na sauti pia napokea. Na monita nyingi zinasema zinapokea sauti hata kama hazina spika hata moja, kwa sababu zina tundu la hedifoni kule nyuma! Windows ikisikia hivo inaona mgeni amekuja na spika zake, inahamisha sauti inampelekea yeye, bila kukuuliza. Mzigo umefika salama, ila kwa nyumba ambayo hakuna mtu.

Kuirudisha ni dakika moja. Bonyeza alama ya spika pale chini kulia karibu na saa. Kwenye Windows 10 utaona jina la kifaa juu ya ule mstari wa kuongeza sauti, ligonge na orodha inafunguka. Kwenye Windows 11 gonga alama ndogo iliyo mwisho wa mstari wa sauti. Chagua lile jina ambalo si la monita, mara nyingi lina neno Realtek au Speakers. Au kama hutaki kuhangaika, na kompyuta yako imekubali monita kweli, chomeka spika kwenye tundu la monita lenyewe, zitaimba tu.

Mimi lakini napenda njia ingine kwa sababu inakuonyesha ugonjwa uko wapi. Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter. Inatokea orodha ya milango yote, na pembeni ya kila mmoja kuna vimistari vinavyowaka kijani sauti ikipita. Weka wimbo ucheze alafu uangalie. Vikiwaka kwa jina la monita, umemkamata mwizi. Vikiwaka kwa jina la spika zako na bado husikii kitu, basi kompyuta imefanya kazi yake na shida iko mbele, kwa waya au spika. Visipowaka popote, sauti inafia ndani ya Windows yenyewe, hapo hata ukinunua spika mpya unapoteza pesa.

Na spika unazipima na simu. Toa ile jeki kwa kompyuta uichomeke kwenye simu yenye tundu la hedifoni, cheza wimbo. Watu wanaruka hii hatua sijui kwa nini.

Jeki nazo zina vituko. Nyuma ya CPU matundu yana rangi, kijani ni ya spika, pinki ni ya maiki, bluu isiyokolea ni ya kuingiza sauti kutoka kifaa kingine, na kwa vile mtu anachomeka akiwa ameinama gizani chini ya meza, anachomeka pinki. Tundu lenyewe ndani lina kiswichi kidogo kinachoiambia kompyuta kuna kitu kimeingia. Lile tundu la hedifoni la mbele ya CPU likijaa vumbi (na hapa kiangazi cha Januari vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sukari) kiswichi kinaweza kukwama, kompyuta inadhani hedifoni bado iko mbele, inanyamazisha spika za nyuma. Ingiza na utoe hedifoni mara tano, sita hivi. Unaonekana kama mganga lakini inafanya kazi.

Kama ni ile hali ya vimistari kutowaka kabisa, angalia kwanza kama programu yenyewe umeinyamazisha, shika Windows na R uandike sndvol, utaona kila programu na sauti yake. Kama zote ziko sawa, andika services.msc utafute Windows Audio uirestati. Ikikataa ndo uende kwa draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, kwenye devmgmt.msc, ukiona pembetatu ya njano kwenye kifaa cha sauti, kifute pale, zima na uwashe kompyuta, Windows itakitafutia draiva yenyewe. Na kama sauti haijapotea ila inashuka sana ukiwa unaongea na mtu kwa intaneti, hiyo ni setingi, Windows huwa imepangwa kushusha sauti zingine kwa asilimia 80 ikisikia kuna simu.

Je, chipu ya sauti huungua kweli? Ndio, na sisi wa Tororo hatuwezi kubisha, vipimo vya 1967 hadi 1976 vilitoa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, na radi ikipiga karibu umeme unaingia kwa waya yoyote ndefu inayoukubali. Dalili yake ni kwamba kifaa cha sauti kinapotea kwenye orodha na hakirudi hata ukiweka draiva upya, na kwenye BIOS, zile setingi za kompyuta kabla Windows haijawaka, kimewashwa. Hata hapo madabodi usiiguse. Tafuta sauti kadi ya USB, ni kidude kama flashi, kina chipu yake ya kugeuza namba, Windows inakitambua yenyewe bila CD. Kina matundu mawili, moja limechorwa hedifoni na lingine maiki, na mkichomeka vibaya msinipigie mimi Jumamosi usiku.