Kuvuliwa pembe: maana yake kwa Wahaudenosaunee

Kwa Kiswahili, mtu akiambiwa ameota mapembe hajasifiwa. Maana yake amepata cheo juzi tu na tayari hashikiki, hasikii la mkubwa wala la mdogo. Kwa Wahaudenosaunee wa Amerika Kaskazini, pembe ni alama ya uongozi wenyewe. Chifu akitawazwa huvishwa kofia yenye pembe za kulungu. Hazikuota kichwani pake. Kavishwa, na aliyemwita kwenye cheo hicho ni mwanamke. Siku mambo yakiharibika, mwanamke huyohuyo ana haki ya kuzichukua tena. Hicho ndicho kuvuliwa pembe: kumwondoa kiongozi madarakani kwa amri ya mama wa ukoo, bila kumwaga damu na bila kusubiri muhula uishe.

Haudenosaunee ni "watu wa nyumba ndefu". Wafaransa na Waingereza waliwaita Iroquois. Ni shirikisho la mataifa matano, yaani Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca, kisha Watuscarora wakapokewa mwaka 1722 hivi yakawa sita. Katiba yao, Sheria Kuu ya Amani, haikuandikwa kwenye karatasi. Ilikaa vichwani na vinywani mwa watu, ikikumbushwa kwa mikanda ya shanga za kombe iitwayo wampum. Baraza lao kuu lina viti 50, na humo watu hawahesabu mikono. Huzungumza mpaka waafikiane, na wasipoafikiana jambo hulala.

Viti vyote hivyo ni vya wanaume. Msomaji wa haraka angeishia hapo na kusema mfumo dume ni uleule. Tazama kiti kinatoka wapi. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye. Zamani mume ndiye aliyehamia nyumba ndefu ya kina mkewe, na mahindi, maharagwe na maboga yalikuwa mikononi mwa wanawake tangu kupandwa hadi kugawiwa. Jina la uchifu nalo ni mali ya ukoo wa kike. Chifu hulibeba tu kama mtu aliyeazimwa. Akifa, mama wa ukoo hukaa na wanawake wenzake, wakateua mwingine, kisha jina lake hupelekwa kwenye ukoo na barazani likubaliwe. Hamchagui kwa hotuba zake. Amemwona tangu anatambaa, anajua alivyogawana chakula na nduguze na alivyonuna aliposhindwa mchezoni.

Na akiharibu? Kuna maonyo. La kwanza humfikia kwa upole: umeacha kusikiliza watu, rudi. Akipuuza, huonywa tena. Mara ya tatu mkuu wa wapiganaji husimama mbele yake na kumtangazia, kwa niaba ya wanawake wenye jina lile, kwamba cheo kimerudi kwao. Kuanzia hapo ni mtu wa kawaida, na jina hupewa mwingine. Huyo chifu, kumbuka, alipotawazwa aliambiwa ngozi yake iwe na unene wa shubiri saba, ili maneno makali ya watu yasimpenye akajaa hasira. Nadhani hapo ndipo siri ilipo. Anatakiwa awe na ngozi nene kwa matusi lakini masikio mepesi kwa onyo, na mambo hayo mawili kwa kawaida hayakai mwilini mwa mtu mmoja.

Kwa hiyo wana desturi ya kumwandaa mtu kabla hajafungua kinywa. Wanapokutana kumwombolezea chifu aliyekufa na kumsimika mwingine, hawaanzi na ajenda. Upande mmoja huwafariji wenzao waliofiwa: kwa maneno huwafuta machozi kwa ngozi laini ya paa ili waone, huwazibua masikio ili wasikie, kisha huwapa maji ya kusafisha koo ili wapate kusema. Mantiki yake ni kwamba mwenye msiba usiofutwa haamui vizuri; ataona maadui pasipo na maadui.

Masimulizi yao yanaeleza desturi hiyo ilikotoka. Hiawatha, mmoja wa waasisi wa shirikisho, alifiwa na mabinti zake akazurura porini, akitunga kombe kwenye uzi na kusema maneno ambayo angependa mtu amwambie. Mpatanishi, yule aliyeleta Sheria Kuu ya Amani, akaja, akayachukua maneno yaleyale, akamwambia. Baadaye walimwendea Tadodaho, mtawala wa Onondaga aliyeogopwa kuliko wote, ambaye nywele zake zilijaa nyoka. Hawakumuua. Walimchana nyoka nywelani, kisha wakamkabidhi kazi ya kutunza moto wa baraza. Hadi leo mwenye kiti hicho huitwa Tadodaho. Na katika masimulizi hayohayo, wa kwanza kabisa kuikubali amani alikuwa mwanamke, Jigonsaseh, aliyekuwa akiwalisha wapiganaji wa pande zote njiani.

Siku hizi watu hupenda kuita mambo haya "busara ya kike", wakimaanisha upole na moyo wa huruma. Mimi silipendi jina hilo. Mama wa ukoo hakusikilizwa kwa kuwa alikuwa mpole. Alisikilizwa kwa kuwa nyumba ilikuwa yake na ghala lilikuwa lake. Wanawake wakikataa kutoa unga wa mahindi na viatu vya ngozi, vita haviendi. Mpe mtu busara yote ya dunia umnyime ghala na haki ya kuvua pembe, atabaki mshauri wa kupigiwa makofi.

Wapo pia wanaosema Katiba ya Marekani ilinakiliwa kutoka kwa Wahaudenosaunee. Wametia chumvi. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1744, huko Lancaster, Pennsylvania, kiongozi wa Onondaga aitwaye Canassatego aliwashauri wakoloni waungane kama walivyoungana wao, na Benjamin Franklin akayachapisha maneno hayo. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kutambua mchango wa shirikisho hilo. Kama walinakili, basi ukurasa wa wanawake waliuruka: haki ya kura kwa wanawake ilingoja hadi 1920 kuingia katika katiba yao. Matilda Joslyn Gage, mpigania haki hiyo wa New York, alipokewa mwaka 1893 katika ukoo wa Mbwamwitu wa Wamohawk, na mwaka huohuo sheria ya jimbo lake ilimwandama kwa kujiandikisha kupiga kura ya mambo ya shule.

Upande wa Kanada serikali haikunakili, ilivunja. Mwaka 1924, katika eneo la Wahaudenosaunee la Grand River, Ontario, ililiondoa baraza la machifu kwa nguvu za polisi, mikanda ya wampum ikachukuliwa, na baraza la kuchaguliwa kwa kura likawekwa badala yake. Likaitwa demokrasia. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura hiyo hadi 1951. Machifu nao hawakuacha kukutana, na walipokufa mmoja mmoja, kina mama wa koo waliendelea kuketi, kuteua na kuvisha pembe.