Faiba haiozi, sawa. Na boti je?

"Kaka, hii faiba. Faiba haiozi." Kauli hii nimeisikia kwa madalali wa boti pale Kunduchi, Dar es Salaam, hadi imekuwa kama salamu. Juzi nimeisikia tena, na safari hii si kwa dalali, ni kwa kijana mnunuzi ambaye tayari alikuwa ametoa arubuni. Ndipo nikaona niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Faiba ni nyuzi nyembamba mno za kioo, zilizofumwa kama kitambaa au kutandazwa kama mkeka, zikaloweshwa kwa rezini, yaani plastiki ya majimaji, iliyotiwa hadina ya kuigandisha, zikakauka pamoja. Boti hupigwa tabaka juu ya tabaka ndani ya moldi, yaani kalibu lenye umbo la boti. Ile ngozi ya nje inayong'aa ni jelikoti. Basi.

Neno ndilo lenye mambo. Sisi tumelitoa kwa Waingereza, wao wamelitoa kwenye Kilatini, fibra, yaani unyuzi. Huko Marekani kampuni ya Owens-Corning ilisajili jina la biashara Fiberglas, lenye s moja tu mwishoni, na lilihusu nyuzi za kioo zenyewe. Plastiki ilikuja kuungana nazo baadaye. Wahandisi hupenda kusema plastiki iliyotiwa nguvu kwa nyuzi za kioo. Ni jina refu, ila halifichi kitu, linataja vyote viwili. Sisi tumebaki na unyuzi peke yake, kisha unyuzi huo tukaufunga kila mahali: bampa la gari ni faiba hata likiwa plastiki tupu, na Mkenya ukimtajia faiba anawaza intaneti. (Huyo wa intaneti hajakosea, mle mna nyuzi za kioo kweli. Huku kwetu tunauita mkongo.)

Sasa linaloniudhi. Pwani hii neno moja, "boti ya faiba", linabeba vyombo viwili tofauti kabisa. Kuna boti iliyotoka kwenye moldi, ambayo ukiikata ubavuni unakutana na faiba mwanzo hadi mwisho. Na kuna mashua ya mbao, mara nyingi iliyokwisha choka, ambayo mwenyewe amechoka kuikalafati, yaani kuziba mianya ya mbao zake, kila msimu akaamua kuipiga faiba juu. Kule faiba ni mwili, huku ni kanzu. Mbao hunywa maji ikavimba, ikikauka inasinyaa, na faiba iliyo juu yake haijui kuvimba wala kusinyaa. Taratibu zinaachana. Tundu moja la msumari linatosha kuingiza maji katikati yao, nayo yakishaingia hayana pa kutokea. Mashua ya zamani ilikuwa na heri: mataruma yake, zile mbavu za ndani, yalionekana, ubao mbovu ulionekana, fundi aliung'oa akatia mwingine. Iliyovikwa huozea ndani huku nje inameremeta.

Hata ile ya moldi isikupumbaze. Boti nyingi za aina hiyo zina mbao ndani: plaiwudi kwenye ukuta wa shetri, kule nyuma panapofungwa mashine, na maboriti yanayolala chini ya sakafu, vyote vimefunikwa kwa faiba. Kila skrubu iliyopigwa hapo bila kuzibwa vizuri ni mlango wa maji. Na adui mkubwa wa mbao hizo ni mvua kuliko bahari, maana chumvi huwazuia kuvu waozeshao na maji baridi huwalea. Ndiyo maana boti iliyokaa miaka nchi kavu bila turubai, ikijaa mvua kila masika, naiogopa kuliko iliyoshinda baharini.

Tulipofika kwenye boti aliyoitolea arubuni, yule kijana nilimwomba sarafu, akanipa ya mia mbili. Nikaanza kugonga ukuta wa shetri kutoka juu kwenda chini. Juu ilitoa ko, ko, sauti kavu. Nilipofika usawa wa tundu la kutolea maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, ikageuka bu, bu, kama unagonga papai lililoiva. Tukafungua skrubu moja ya chini. Ilitoka bila kukaza, imevaa unga wa kahawia, nyuma yake yakafuata maji rangi ya chai. Kisha nikainua mashine nusu, nikaukandamiza mguu wake kwa mikono miwili huku yeye akitazama ukuta. Ukuta ukacheza. Hakusema kitu.

Nyufa nazo watu huzichanganya. Zile nyembamba kama utando wa buibui, zilizotapakaa pale palipogongwa au kando ya kifungio cha kamba, mara nyingi ni za jelikoti tu. Wa kutisha ni ufa mrefu mmoja unaofuata kona ya shetri au mstari wa boriti, hasa ukiuona nje na ndani pia umo. Malengelenge chini ya boti yakitobolewa yakatoa maji yenye harufu ya siki, hayo ni maji yaliyopenya jelikoti yakala rezini. Mbao haihusiki hapo, na yakiwa machache fundi huyamudu. Na ndani ya ngama kukiwa na rangi mbichi kwenye boti kuukuu, uliza ilipakwa kuficha nini.

Kwa hiyo dalali akisema faiba haiozi, usibishane naye. Kuhusu nyuzi kasema kweli. Muulize tu hii ni ya moldi au ya kupigwa juu, na ndani ya shetri mna nini, kisha umwombe bisibisi. Na wewe kijana wa arubuni, ile uliyoniita niione kesho yake, uliyoniambia nayo ni boti ya faiba: ile ni mashua ya mbao iliyopigwa faiba. Najua ni maneno mengi. Lakini yatamke hivyo hivyo mbele ya muuzaji, muanze kuzungumza bei ya mbao.