Uhuru wa kitaaluma wa muuguzi wa usingizi

Kwa muuguzi wa usingizi, uhuru wa kitaaluma ni mamlaka ya kuamua mwenyewe mambo aliyosomea: kumpima mgonjwa kabla ya upasuaji, kuchagua kati ya nusu kaputi na ganzi ya uti wa mgongo, kupanga dozi, kumwamsha salama. Haina maana kwamba anajifanyia atakavyo. Hata daktari wa usingizi ana mipaka yake. Kinachogombewa ni kama maamuzi hayo yanahitaji idhini ya mtu mwingine.

Mvutano huu unaonekana vizuri Marekani. Mwaka 1936, katika kesi ya Chalmers-Francis dhidi ya Nelson, Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba muuguzi anayetoa dawa ya usingizi kwa maelekezo ya daktari mpasuaji hajaingilia kazi ya udaktari. Ulikuwa ushindi wenye mwiba, kwani kazi ilihalalishwa huku ikibaki chini ya daktari.

Siku hizi kila jimbo lina sheria yake ya uuguzi. Juu yake yapo masharti ya Medicare, bima ya serikali kuu ambayo wanufaika wake wengi ni wazee. Hospitali inayolipwa na bima hiyo inatakiwa kuhakikisha muuguzi wa usingizi anasimamiwa na daktari. Msimamizi anaweza kuwa mpasuaji mwenyewe, ambaye huenda usingizi anaujua kidogo kuliko anayemsimamia! Tangu 2001 gavana anaweza kuandika barua ya kuliondoa jimbo lake katika sharti hilo, na Iowa ndiyo iliyotangulia.

Wengi huishia hapo, wakidhani barua ya gavana imemaliza kazi. Mimi naona kamba inayobana zaidi iko ndani ya hospitali yenyewe. Kanuni za ndani ndizo zinazotaja nani aruhusiwe kufanya nini, na zinaweza kumkataza muuguzi kuchoma ganzi ya neva au kuweka mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, hata kama sheria ya jimbo haimzuii. Mwenye leseni kama yake, katika hospitali ndogo ya kijijini isiyo na daktari wa usingizi, huyafanya hayo yote peke yake.

Halafu kuna malipo. Daktari wa usingizi akidai malipo ya Medicare kwa kuwaelekeza wauguzi, anaruhusiwa kuwa na wagonjwa wasiozidi 4 kwa wakati mmoja, na lazima awepo mgonjwa anapolazwa usingizi. Sasa mtazame muuguzi: mgonjwa yuko mezani, oksijeni inapita kwenye barakoa, dawa zimeshavutwa kwenye mabomba ya sindano na kuandikwa majina. Lakini hachomi. Daktari bado yuko chumba cha pili. Ujuzi anao na leseni anayo. Kinachomsimamisha ni utaratibu wa ankara.

Wapasuaji nao wana hofu yao, kwamba wakifanya kazi na muuguzi peke yake watabebeshwa kosa lake. Mahakama za huko, kwa kawaida, huangalia nani hasa aliyekuwa akiamua kuhusu usingizi wakati ule. Kwa hiyo kadiri muuguzi anavyoamua mwenyewe, ndivyo lawama ya kosa inavyomwelekea yeye, na bima ya kujikinga na kesi humhusu kama inavyomhusu daktari.