Linta na majina ya vigeu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Waandishi wa programu wa Lamu wanaotengeneza mifumo ya nauli za mashua au ya vyumba vya wageni hupenda kuvipa vigeu (vihifadhio vya thamani katika programu) majina ya Kiswahili, na wanapoiachia linta, yaani programu inayokagua msimbo na kuonya juu ya makosa, kazi ya kuyalinda majina hayo huitarajia mengi kuliko iwezayo.

Dhana: Ukiwasha kanuni ya `camelcase` katika ESLint, linta ya JavaScript, majina yote yatafuata mtindo mmoja, kama `nauliYaMokowe`.

Ukweli: Kanuni hiyo hutafuta kistari cha chini kilicho katikati ya jina, basi. `nauli_ya_mokowe` hukamatwa, lakini `NauliYaMokowe` na hata `nauliyamokowe` hupita bila kuguswa, na `NAULI_YA_MOKOWE` hupita pia kwa kuwa jina lenye herufi kubwa tupu huhesabiwa kuwa la thamani isiyobadilika. Anayetaka kubana zaidi hana budi kutumia `id-match`, ambamo huandika mwenyewe ruwaza ya herufi anayoikubali, au, ikiwa anaandika kwa TypeScript (JavaScript iliyoongezewa aina za data), kanuni ya `naming-convention` ya typescript-eslint, iwezayo kudai mtindo mmoja kwa klasi na mwingine kwa vigeu. Tena, ukiupelekea mfumo wa mwenzako data yenye sehemu iitwayo `phone_number`, `camelcase` italalamika juu ya jina usilokuwa na mamlaka nalo, hadi uweke chaguo la `properties` kuwa `never`.

Dhana: Linta haipatani na majina ya Kiswahili.

Ukweli: Linta haijui lugha yoyote, hutazama umbo tu. Pylint, linta ya Python, huikubali `idadi_ya_abiria` ndani ya funksheni bila mpangilio wowote wa ziada. Ila, kwa sababu iyo hiyo, itaikubali pia `kitu_kile`, na jina la namna hiyo litamsubiri mkaguzi mwenye macho. Kinachogoma kweli ni ritifaa: `nauli_ya_ng'ambo` hukataliwa na Python yenyewe, ambayo huiona alama hiyo kuwa mwanzo wa maandishi, kwa hiyo utaandika `ngambo`, ijapokuwa inachusha.

Dhana: `--fix`, chaguo la ESLint la kurekebisha makosa lenyewe, itayasahihisha majina.

Ukweli: Haiyagusi, kwa kuwa jina lililobadilishwa katika faili moja huenda likawa linaitwa na faili nyingine.

Dhana: Kuiweka kanuni kuwa `warn` kunatosha.

Ukweli: ESLint itatoa onyo kisha itamaliza kana kwamba hakuna kosa, na msimbo utapita. Tumia `error`, au uongeze `--max-warnings 0`, isiyoruhusu onyo hata moja. `Warn` iachiwe mradi wa zamani ambao majina yake bado yanarekebishwa kidogo kidogo.