Je, wajua mwimbaji wa opera, yaani tamthilia inayoimbwa, anasikikaje bila maikrofoni?

Ukumbi wa Metropolitan Opera, New York, una viti takribani 3,800. Okestra nzima inapiga shimoni mbele ya jukwaa, mwimbaji hana maikrofoni, na aliyekaa nyuma kabisa anamsikia. Pretty Yende, soprano (mwimbaji wa kike wa sauti ya juu) wa Afrika Kusini, aliimba humo mara ya kwanza Januari 2013. Alijikwaa akaanguka jukwaani, akainuka, akaendelea. Mei 2023 akaimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles III, London.

Waulize wanakwaya wa Dodoma siri ni nini, watakwambia kifua. Mwalimu wa kwaya naye atapigilia msumari: "Toa tumboni!" Pumzi inahitajika, hilo halina ubishi, hasa kwetu ambako upepo hupeperusha nusu ya wimbo kwaya ikiimba nje. Lakini nguvu peke yake haitoshi. Koo moja halishindani na tarumbeta na ngoma kwa ubavu. Anayejaribu hukauka sauti mapema. Unene nao unasingiziwa tu, maana wembamba wengi wanajaza kumbi hizohizo. Na usimtolee mfano Hukwe Zawose, Mgogo aliyezunguka dunia na ilimba na zeze, ala za kwao: sauti alikuwa nayo, lakini majukwaa yale yalikuwa na spika.

Mtafiti wa Uswidi, Johan Sundberg, alilifafanua jambo hili miaka ya 1970. Nguvu nyingi ya okestra imejazana kwenye mitetemo kama 500 kwa sekunde; ukipanda zaidi ya hapo, inapungua haraka. Mwimbaji aliyefunzwa hushusha zoloto (kisanduku cha sauti kilicho kooni) na kupanua koo, huku kijinjia kilicho juu tu ya nyuzi za sauti kikibaki chembamba. Kijinjia hicho hugeuka chumba kidogo cha mwangwi, na hukusanya nguvu ya sauti karibu na mitetemo 3,000. Huko okestra imekwisha kunyong'onyea, na sikio la binadamu ni jepesi mno. Ni kama filimbi ya trafiki katikati ya malori ya barabara ya Singida: haizidi injini kwa nguvu, ila inapita mahali ambapo injini haipo.

Maelezo haya yanawakaa vizuri zaidi wanaume na wanawake wa sauti nzito. Kwa soprano mambo ni tofauti. Noti zake za juu zinafika mitetemo 1,000 kwa sekunde, kwa hiyo anapanua mdomo na kushusha taya ili mwangwi wa kinywa ulingane na noti yenyewe. Gharama yake ni irabu. Msikilize akifika kileleni kwenye "Haleluya": ile "lu" inakaribia kuwa "la". Mwalimu anayemkemea atamke vizuri hapo anadai kitu ambacho kinywa kilichopanuliwa kiasi hicho hakiwezi kukitoa.