Panki ya Bad Brains si kelele za wasiojua kupiga ala

Hapa Kisumu, ukiweka panki ya hadikoo, yaani roki ya kasi na ukali, kwenye spika, hukosi kuambiwa kwamba hizo ni kelele za vijana wa Kizungu wasiojua hata kushika gitaa. Si kweli. Ushahidi ni albamu ya kwanza ya Bad Brains, iliyotoka mwaka 1982 kwa kaseti pekee.

Bad Brains ni bendi ya Wamarekani weusi wanne kutoka Washington, D.C. Kabla ya panki walipiga jazi iliyochanganywa na roki, muziki usiomvumilia mpigaji mvivu, na ustadi huo hawakuuacha. Wimbo wa kwanza, "Sailin' On", haufiki dakika mbili; humo besi ya Darryl Jenifer na ngoma za Earl Hudson zinakimbia sambamba bila kuachana. Kisha, katikati ya moto huo, inaingia "Jah Calling", rege ya ala tupu, taratibu kabisa. Hawa ni Marasta. Mpenzi wa rege wa Kondele hatahitaji mkalimani hapo.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Sauti ilirekodiwa kwa ukungu, maneno ya mwimbaji H.R. yanamezwa na gitaa, na kule kuruka kutoka panki hadi rege kunashtua. Anayependa upande mmoja tu atachoka. Usiisikilize kwa spika ya simu, utaikosea haki. Tafuta hedifoni, ufuate besi kwanza. Kwa masikio yetu yaliyozoea benga, kuifuata haitakuwa kazi.